Kijana Anayejibu Hajakosa Adabu

Kila bweni linapoungua Kenya, majivu hayajapoa, kauli ni ile ile: rudisheni kiboko. Mwaka 2021, shule za sekondari zilipokuwa zikiwaka moja baada ya nyingine, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alisema hadharani kwamba umefika wakati wa kurejesha viboko shuleni. Miaka miwili kabla yake, Oktoba 2019, Albert Chalamila, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, aliwachapa kwa mkono wake mwenyewe wanafunzi wa sekondari moja wilayani Chunya walioshukiwa kuchoma mabweni baada ya kukutwa na simu. Rais John Magufuli alimpongeza, na wazazi wengi wakapiga makofi.

Nayafahamu makofi hayo, na naifahamu fikra iliyo nyuma yake, kwa sababu wengi wetu tumelelewa ndani yake. Kijana wa siku hizi hana adabu. Hana adabu kwa kuwa anajibu wakubwa. Anajibu kwa kuwa haogopi. Basi arudishiwe hofu, atanyamaza, na akishanyamaza mambo yametengemaa. Naipinga fikra hii tangu mwanzo wake hadi mwisho, na naupinga zaidi mwisho wake, pale ukimya wa kijana unapohesabiwa kuwa malezi yamefaulu. Kijana anayebishana na mzazi au mwalimu anafanya kazi ambayo umri wake unamdai aifanye. Tukimnyima nafasi ya kuifanya mbele yetu, ataifanya gizani akiwa na wenzake, au hataifanya kabisa, na yote mawili yana gharama.

Tuanze na kalenda, maana hoja ya kiboko imejengwa juu ya kumbukumbu fupi. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwezi Machi 2001. Usiku wa kuamkia tarehe 26 mwezi huo huo, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa, mlango ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo. Watu wakayaunganisha mambo mawili yaliyotokea mwezi mmoja, na hadi leo utamsikia mzee mwenye heshima zake akisema: mnaona, walipotoa kiboko tu, watoto wakaanza kuchomana.

Hawakuanza hapo. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito, Meru, wavulana waliwavamia wasichana bwenini kwa kuwa walikataa kujiunga na mgomo. Makumi ya wasichana walibakwa na 19 wakafa. Wavulana hao walikuwa wamelelewa kwa kiboko, darasa kwa darasa. Machi 1998 wasichana 26 walikufa katika moto wa shule ya Bombolulu, Kwale, ulioshukiwa kuwashwa makusudi. Mei 1999 viranja wanne wa Nyeri High walifungiwa chumbani mwao na kuchomwa usiku. Wakati wa misiba yote hiyo kiboko kilikuwa halali Kenya, na kilikuwa kikitumika sana. Chunya nako kilikuwa halali siku mabweni yalipoungua, na ni halali leo, kwani kanuni za Tanzania Bara za 1979, pamoja na marekebisho yake, zinaruhusu mwanafunzi kuchapwa viboko visivyozidi vinne. Anayesema kiboko kinazuia moto atuonyeshe ni wapi kilipouzuia.

Mtafiti Elizabeth Cooper, aliyeandika mwaka 2014 kuhusu moto wa shule za Kenya, alifanya jambo ambalo tume nyingi za uchunguzi hazikulipa uzito: aliwasikiliza wanafunzi kama watu wenye sababu. Aliyoyakuta yanapaswa kumsumbua kila mzazi. Wanafunzi hawakuwa wamechanganyikiwa. Walikuwa wamejifunza, kwa kuitazama shule na kuitazama nchi, kwamba lalamiko la mdomo halimfikishi mtu popote na kwamba moto unasikilizwa. Bweni likiungua, shule hufungwa, watu hurudi nyumbani, wizara hutuma maofisa, wazazi huitwa. Hilo ni somo tulilowafundisha sisi. Mwanafunzi aliyekwenda kwa naibu wa mwalimu mkuu kusema maharagwe yana wadudu, akaambiwa aende akamlete mzazi, amefundishwa kitu. Wenzake wanaomtazama akifunga sanduku wamefundishwa pia.

Mwaka 2021 wanafunzi walikuwa wametoka katika kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, wakaingizwa katika kalenda iliyobanwa, mihula minne ndani ya mwaka mmoja ili kufidia muda uliopotea. Walikuwa wamechoka. Walitaka kupumzika, na serikali ilipokuja kuwapa mapumziko mafupi mwezi Novemba, shule zilikuwa zimeshaungua. Fikiria kijana wa kidato cha tatu amejifunza nini kutokana na mfuatano huo.

Sasa niseme kinachotokea ndani ya kijana mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo wakubwa wanapokosea zaidi, hata wale wapole wasioshika fimbo.

Mtoto wa miaka 8 akikatazwa kutoka baada ya magharibi hulia kwa kuwa anataka kucheza. Wa miaka 14 huuliza kwa nini kaka yake anatoka na yeye hatoki. Hili la pili ni tendo la akili lisilokuwapo awali. Jean Piaget alieleza zamani kwamba kuanzia miaka 11 au 12 hivi mtu huanza kuweza kufikiri juu ya mambo yasiyokuwapo: hali nyingine inayowezekana, kanuni nyingine ambayo ingekuwa ya haki zaidi. Uwezo ule ule unaomwezesha kufanya aljebra ndio unaomwezesha kuona kwamba sheria ya nyumbani imetungwa na mtu, na kilichotungwa na mtu kinaweza kuulizwa. Mzazi anayefurahia alama za hisabati na kuchukia maswali ya mezani anapokea nusu ya akili ya mtoto wake na kuipiga nusu nyingine.

Mambo wanayogombania si makubwa kama tunavyodhani. Mwanasaikolojia Judith Smetana amefuatilia kwa miongo kadhaa ugomvi wa wazazi na vijana, na anachokikuta ni nywele, nguo, chumba kisichofagiliwa, marafiki, muda wa kulala, siku hizi simu. Ugomvi hutokea pale mzazi anapoona jambo ni la utaratibu wa nyumba na kijana anaona ni lake mwenyewe. Kuhusu wizi, kumpiga mtu au kusema uongo unaoumiza, vijana wengi hukubali kwamba mzazi ana haki ya kukataza. Mpaka unaogombaniwa ni mwembamba, na husogea kidogo kidogo kila mwaka, ndiyo maana lazima ugombaniwe tena na tena. Atakayenijibu kwamba hayo ni ya Wazungu ajue kwamba Smetana na mwenzake Yau waliyakuta hayo hayo kwa vijana wa Kichina wa Hong Kong, wanaolelewa katika utii wa wazazi ambao sisi tungeutambua mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wangeambiwa wangepumua. Mwaka 1998 Brett Laursen na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja wakaona kwamba ugomvi kati ya mzazi na kijana huwa mwingi zaidi mwanzoni mwa balehe, kisha hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ingawa makali yake hupanda katikati. Hatuanzi mteremko usio na mwisho siku mtoto wa darasa la saba anapojibu kwa mara ya kwanza. Tupo katika kipindi, na swali ni atatoka nacho nini.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu utafiti mmoja ulibadili kabisa namna ninavyoutazama ubishi wa mezani. Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwachukua vijana zaidi ya 150 wenye umri wa miaka 13, wakamwomba kila mmoja azungumze na mama yake juu ya jambo wanalogombana kweli: alama za shule, pesa, kanuni za nyumba, marafiki. Wakawarekodi. Wengine walipiga kelele. Wengine walikubali haraka ili yaishe. Wengine walishikilia hoja zao kwa utulivu, wakatoa sababu, wakamrudia mama kwa sababu nyingine aliposema hapana. Miaka miwili mitatu baadaye watafiti wakawarudia kuuliza juu ya pombe na bangi. Waliosimama na mama zao kwa hoja wakiwa na miaka 13 ndio waliokuwa na nguvu ya kuwakatalia wenzao wakiwa na miaka 15 na 16. Waliokuwa wepesi kumkubalia mama ndio waliokuwa wepesi kumkubalia rafiki aliyeshika chupa.

Ningependa kila mzazi wa pwani na bara ayasikie maneno hayo. Tunamfundisha binti kuinamisha macho na kusema ndiyo mama, tukiamini kwamba tunamkinga na dunia. Lakini kusema ndiyo hakuchagui wa kuambiwa. Mtoto ambaye hajawahi kumkatalia mtu anayempenda, akaona kwamba bado anapendwa, atalipata wapi neno la kumkatalia bodaboda anayemsubiri njiani kutoka shule? Atalipata wapi neno la kumkatalia mwalimu anayemwita ofisini jioni? Utii usiobagua, tunaousifu nyumbani, ndio mdhalimu anaoutegemea nje.

Na wavulana wa bwenini? Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wenye kishawishi cha kupita hatari. Mtu mzima aliendesha karibu sawasawa akiwa peke yake au akitazamwa na wenzake. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao walijitosa katika hatari zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Sehemu za ubongo zinazowaka kwa msisimko na kwa macho ya rika hukomaa mapema. Sehemu ya mbele inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Haya yanajulikana, yamefundishwa vyuoni, walimu wetu wameyasoma. Halafu tunawalaza wavulana mamia chini ya paa moja, tunawaamsha alfajiri kabla hata ya adhana, tunawafungia mlango kwa nje, tunawateulia viranja wasiowachagua, tunawanyima mtu mzima wa kumwambia jambo bila kuadhibiwa, na usiku mmoja wakipanga jambo la kutisha wakiwa wao kwa wao tunasema wamekosa fimbo. Walichokosa ni mtu mzima ndani ya mazungumzo yao.

Tafiti zinaonyesha pia kwamba vijana wana ujuzi wa suluhu kuliko tunavyowapa sifa. Laursen na wenzake walipokusanya tafiti za ugomvi wa rika mwaka 2001, waliona kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyopunguza kulazimisha na kuongeza kujadiliana, na kwamba hujadiliana zaidi na marafiki. Sababu yake iko wazi: rafiki anaweza kuondoka, kwa hiyo inabidi umsikilize. Mzazi haondoki, mwalimu haondoki, kaka mkubwa haondoki. Ndiyo maana ugomvi wa nyumbani mara nyingi huisha kwa kijana kunywea au kwa mlango kubamizwa, bila kilichogombaniwa kutatuliwa. Penye nguvu isiyolingana, mwenye nguvu ndiye mwenye wajibu wa kufungua nafasi. Kijana hawezi kuifungua.

Wapo watakaosema: huyu anatuletea mambo ya kigeni, mila zetu zilijua heshima. Hapo ndipo nakasirika kidogo, kwa sababu mila zetu zilijua zaidi ya heshima. Zilijua kwamba mtoto hawezi kumwambia baba yake kila kitu, zikamwekea mlango mwingine. Mjukuu na babu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, naye humjibu atakavyo, na ndani ya utani huo mtoto aliweza kusema kwamba baba amemwonea, na neno likamfikia baba kwa mdomo wa mtu ambaye baba hawezi kumkaripia. Msichana wa Kiswahili aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mzima asiye mama yake, wa kumuuliza yasiyoulizika nyumbani. Mjomba alikuwa na kazi yake, shangazi na yake. Jando liliwatenga wavulana pamoja na watu wazima, halikuwatenga na watu wazima. Na Tanzania nzima ilijengewa watani, kabila kwa kabila, ili maneno makali yapate mahali pa kutolewa bila damu.

Leo babu yuko kijijini na mtoto yuko bwenini, miezi mitatu hawaonani. Somo amebaki jina katika familia nyingi. Mjomba yuko Doha anatuma pesa. Tumeiondoa milango yote ya pembeni na kubakiza mlango wa mbele tu, ule wa amri na utii, kisha tunauita mila. Ni nusu ya mila, na nusu iliyotupwa ndiyo iliyoifanya nusu iliyobaki ivumilike. Methali inayotajwa kila kikao cha wazazi, mchelea mwana kulia hulia yeye, ilisemwa na watu waliokuwa na bibi nyuma ya nyumba wa kumfuta mtoto machozi na kumuuliza kulikoni.

Nisieleweke vibaya juu ya ukatili. Kijana anayewatesa wadogo bwenini, anayewaamuru wa kidato cha kwanza wamfulie na kuwapiga wasipofanya, hafanyi kazi ya makuzi ambayo mtu yeyote anapaswa kuivumilia. Azuiwe siku hiyo hiyo. Matusi kwa mama hayana ulinzi wowote katika hoja yangu, na ugomvi wa chuki usiokwisha, wa kudhalilishana kila siku, humuumiza kijana na kumvuta kwenye huzuni nzito. Hilo limethibitishwa. Lakini angalieni mdhalimu wa bwenini alijifunza wapi kwamba mwenye nguvu hasikilizi na mnyonge hajibu. Anatekeleza kwa usahihi mfumo alioukuta, kuanzia nyumbani hadi jukwaa la mstarini asubuhi.

Na kuna wale wasiochoma kitu. Hawa ndio wengi, nao hawaandikwi na gazeti lolote. Baada ya balehe, mfadhaiko huwapata wasichana takriban mara mbili ya wavulana, na mara nyingi mgonjwa ni yule aliyesifiwa na jirani wote: mpole, haongei, ukimtuma anakwenda. Hasira aliyokatazwa kuisema haikutoweka. Imemgeukia. Amepoteza hamu ya chakula, halali, anajikata mapajani mahali sare inapofunika, na mama anaendelea kumwambia mwanawe mdogo, mwone dada yako alivyo na adabu. Nimekutana na wasichana wa namna hii wakiwa watu wazima, wakijifunza kwa taabu kusema sitaki kwa mara ya kwanza katika ndoa au kazini, na kila mara najiuliza ni nani aliyefaidika na ule ukimya.

Mwalimu atasema hana muda. Ana darasa la wanafunzi themanini, ana mtaala wa kumaliza, na mwalimu wa ushauri nasaha katika shule yake ana vipindi kamili kama wengine wote na hana hata chumba chenye mlango wa kufunga. Ni kweli, na lawama hiyo naipeleka wizarani, ambako bajeti za ukaguzi wa moto hupatikana baada ya kila msiba na bajeti ya mshauri mmoja kwa kila shule haipatikani. Lakini mengine hayahitaji pesa. Kenya ilikwisha kuamua, tangu 2009, kwamba wanafunzi wa sekondari wachague mabaraza yao badala ya kuteuliwa viranja, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza hilo kiti kwenye bodi ya shule. Tembeeni muulize ni shule ngapi ambako uchaguzi huo ni uchaguzi kweli, na ni bodi ngapi zinamwita mwanafunzi huyo zinapojadili chakula, kalenda na adhabu, mbali na siku ya kupigwa picha.

Baraza likileta lalamiko, mwalimu mkuu atoe jibu mbele ya wanafunzi na jibu libandikwe ubaoni likiwa na tarehe. Jibu linaweza kuwa hapana. Nyama haitaongezwa muhula huu kwa sababu karo haijaingia, hesabu ni hii hapa. Vijana wa miaka 16 wanaijua hesabu, na hapana yenye hesabu wanaweza kubishana nayo mchana, wakaleta pendekezo jingine wiki ijayo. Nyumbani ni vivyo hivyo. Baba akikataza safari, aulizwe kwa nini, na aseme kwa nini, na binti akileta hoja nzuri kuliko ya baba, baba abadili uamuzi huo mbele ya watoto wengine wakisikia.